Si kila spika yafaa kila nyumba

Asimamaye Kasulo, wilayani Ngara, pale ambapo barabara iendayo Rusumo mpakani mwa Rwanda huachana na ile ya kwenda mjini Ngara, hana haja ya kuuliza kama spika zimekuwa bidhaa ya kawaida. Huzisikia kabla hajaziona. Duka moja hupiga kwaya, la pili dansi, la tatu bongo fleva. Hatusemi hayo kwa kuilaumu biashara. Twayasema kwa sababu mnunuzi huchagua spika yake katika makelele hayo hayo, kisha huipeleka nyumbani katika chumba cha hatua nne kwa nne, na kule sauti aliyoipenda dukani hugeuka mvumo usioeleweka. Fedha ya mavuno imekwisha toka.

Sehemu hii ya nchi yajua thamani ya sauti inayosikika sawasawa. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia mauaji ya Rwanda, na kambi ya Benaco ikainuka hapa. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera wilayani Ngara. Kwizera maana yake ni matumaini. Kwa mtu aliyepotezana na watoto wake, jina moja lililosikika vibaya redioni halikuwa jambo dogo. Wananchi wenzetu wa Bumbire, Goziba na Ikuza nao wanalijua hilo, kwani taarifa ya upepo mkali ziwani si burudani, bali ni uhai wa mvuvi.

Kwa hiyo, mnunuzi aanze na chumba, si spika. Mwaka 1895 mwalimu wa fizikia Wallace Sabine, wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alitakiwa kuutengeneza ukumbi wa mihadhara ambamo maneno hayakueleweka. Aliingiza mito ya viti, akapima, na akaona kwamba kadiri vitu laini vilivyoongezeka ndivyo mwangwi ulivyofupika. Sakafu ya saruji, kuta zenye plasta na bati lisilo na dari huirudisha sauti kama mpira. Mikeka, mapazia mazito na makochi ya kitambaa vyaweza kuleta nafuu ambayo spika kubwa zaidi haiwezi kuileta.

Chumba kidogo pia kina mvumo wake. Kuta mbili zilizoachana kwa mita 3 huukuza mtetemo wa takriban mara 57 kwa sekunde, nao ndio umo katika sauti nene za gitaa la besi. Ukiiweka sabufa kwenye pembe ya chumba hicho, besi huongezeka tena na kuyameza maneno ya mwimbaji. Isogeze mbali na pembe. Spika mbili za pembeni na kiti cha msikilizaji vifanye pembetatu yenye pande zilizo sawa, na spika ziwe kimo cha masikio, si juu ya kabati.

Baada ya chumba, yafuata mapenzi ya msikilizaji. Anayetaka habari, mawaidha na mpira wa redioni hahitaji sabufa hata kidogo. Spika ndogo safi yamtosha, kwa kuwa maneno hayakai katika besi. Mpenzi wa taarabu na dansi la zamani atafute spika inayotenganisha fidla, magitaa na sauti ya mwimbaji. Mpenzi wa ngoma nzito ndiye mwenye sababu ya kununua sabufa. Kila mmoja aende dukani na wimbo anaoujua kwa moyo, aombe upigwe kwa sauti ya chini, na asikilize kama kila neno lasikika.

Kuhusu nguvu, tunawaomba wasomaji wasidanganywe na maandishi ya boksi. Maelfu ya wati yanayoandikwa kwa herufi PMPO hayana kipimo kilichokubaliwa. Tafuteni wati za RMS. Tena, kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa kiasi kidogo. Kwa wenzetu wa visiwani wanaotegemea sola na betri, spika itoayo desibeli 90 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1 hutumia nusu ya umeme wa ile itoayo desibeli 87, kwa sauti ile ile. Hapo ndipo penye akiba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Upande wa viongozi tunayo maombi mawili. La kwanza, Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani waangalie lebo za spika kama mizani ya sukari inavyoangaliwa, kwani wati za uongo ni kipimo cha uongo. La pili, kanuni za kelele za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zielezwe vijijini na mialoni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Zaidi ya hapo masikio huwa hatarini. Besi, kwa upande wake, hupenya ukuta na kumwamsha mtoto wa jirani.

Mitambo ya Rusumo, yenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ilianza kutoa umeme mwaka 2023. Kila umeme ufikapo, spika hufuata. Tungependa zifuate zikiwa zimechaguliwa kwa akili, ili nyumba ya Kasulo isikie wimbo wake na nyumba ya Goziba isikie onyo la dhoruba, na jirani wa kila mmoja apate usingizi wake.