Polo ya Majini: Nguvu Itawaliwayo na Nidhamu



Mashindano ya wanaume ya polo ya majini yaliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Paris mwaka 1900, na ni miongoni mwa mashindano ya timu yenye umri mkubwa kabisa katika michezo hiyo. Hapa Bujumbura mchezo huu haujulikani sana. Hata hivyo, historia yake ina mafunzo kwa kila avaaye sare, awe askari wa jeshi au wa polisi.

Yafaa kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Kila upande huwa na watu saba majini, mmoja wao akiwa kipa. Huchezwa robo nne, kila robo dakika nane. Isipokuwa kipa, mchezaji haruhusiwi kukanyaga chini ya bwawa wala kuushika mpira kwa mikono miwili. Huelea kwa nguvu za miguu, huku mpinzani akimvuta na kumsukuma chini ya maji, mahali ambapo jicho la refa halifiki. Akishindwa na hasira akarudisha pigo waziwazi, hutolewa kwa muda na wenzake hubaki pungufu. Mabao mengi hufungwa katika muda huo. Hasira ya mmoja hulipwa na timu nzima.

Waingereza, waliouwekea mchezo huu kanuni katika karne ya 19, walikuwa mabingwa mwaka 1900, 1908, 1912 na 1920. Kisha ikaja Hungaria, nchi isiyopakana na bahari yoyote, kama ilivyo Burundi. Kwa mabwawa yake ya kuogelea, na kwa kuwafunza vijana wake tangu utotoni, Hungaria imetwaa medali ya dhahabu mara 9 kati ya mwaka 1932 na 2008. Katika michezo mitatu iliyopita, ya mwaka 2016, 2021 na 2024, bingwa amekuwa Serbia, nayo pia haina bahari.

Mchezo unaokumbukwa kuliko yote ulifanyika Melbourne tarehe 6 Desemba 1956. Mwezi mmoja kabla yake, vifaru vya Muungano wa Kisovieti vilikuwa vimeingia Budapest na kuyazima maasi ya wananchi. Sasa timu za nchi hizo mbili zilikutana majini. Wahungaria walikuwa wakiongoza kwa mabao manne kwa sifuri, mawili yakiwa ya Ervin Zádor, ndipo Valentin Prokopov alipompiga Zádor usoni, damu ikamchuruzika. Watazamaji wakateremka kwa ghadhabu hadi ukingoni mwa bwawa. Refa akausimamisha mchezo, na polisi wakaingia kati ili ghasia zisizuke. Hungaria ikapewa ushindi, kisha ikaifunga Yugoslavia mbili kwa moja na kutwaa dhahabu, ingawa Zádor hakuweza kucheza tena kwa jeraha lile. Pigo moja halikuwapatia Wasovieti hata bao. Liliwaachia aibu ambayo hadi leo husimuliwa.

Wala mchezo huu si mgeni majeshini. Kombe la Vilabu Bingwa vya Ulaya lilipochezwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1964 lilichukuliwa na Partizan ya Belgrade, klabu iliyoasisiwa na jeshi la Yugoslavia mwaka 1945. Mwaka 1977 likachukuliwa na klabu ya jeshi la wanamaji la Moscow.

Na Afrika je? Misri ilitangulia mwaka 1948. Afrika ya Kusini ilipeleka timu za weupe watupu mwaka 1952 na 1960, kisha siasa yake ya ubaguzi wa rangi ikaifungia mlango wa Olimpiki kuanzia mwaka 1964 hadi 1992. Mbali na nchi hizo mbili, hakuna timu nyingine ya wanaume ya Afrika iliyofika huko. Upungufu huo ni wa mabwawa na wakufunzi, si wa miili wala wa mioyo. Vénuste Niyongabo aliiletea Burundi dhahabu ya mbio za mita 5,000 mwaka 1996, nchi yetu iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza.

Askari aliye lindoni Gasenyi hayuko mbali na Ziwa Tanganyika. Mwezi Aprili 2020, Mto Rusizi ulipofurika Gatumba, maelfu ya raia walihama makwao. Siku kama hiyo raia humtazama mwenye sare. Askari asiyejua kuogelea atasimama ukingoni kama wao. Ajuaye bila kujitawala huenda akazama pamoja na yule aliyemwendea. Kwa hiyo kujifunza kuogelea kikosini kusichukuliwe kuwa anasa ya wakati wa mapumziko. Ni sehemu ya wajibu wa kulinda uhai wa wananchi.