Kuni na mbao kaskazini mwa Bujumbura: hesabu ngumu ya karakana ndogo za Carama

Katika mtaa wa Carama, zoni ya Kinama, kwenye ukingo wa kaskazini wa jiji la Bujumbura, nyumba mpya zimekuwa zikijengwa mwaka hadi mwaka. Kila nyumba huhitaji mbao za paa, za milango na za kumwagia zege, na kila familia inayohamia humo huhitaji kitu cha kupikia. Mahitaji hayo mawili ndiyo yanayowaweka hai wapasuaji wadogo wa mbao na wauzaji wa kuni. Hata hivyo, biashara hiyo ambayo kwa mbali huonekana rahisi hutegemea hesabu nyingi: maji yaliyomo ndani ya gogo, unene wa meno ya msumeno, mafuta ya lori, kibali cha kukata mti na, zaidi ya yote, miti iliyobaki milimani.

Nchini Burundi zaidi ya asilimia 90 ya nishati inayotumiwa hutokana na miti, ama kuni ama makaa. Wanaopata umeme ni takriban mtu mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo rundo la kuni kando ya barabara ya Carama ni sehemu ya mfumo wa nishati wa taifa, sawa na mabwawa na nyaya za umeme, ingawa hulindwa na mtu mmoja na mwavuli wake.

Miti hutoka wapi?

Bujumbura iko katika bonde la Imbo, karibu na Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko usiofika mita 800. Bonde hilo lina joto, na miti mikubwa ya kupasua mbao si mingi. Sehemu kubwa ya mzigo huteremka kutoka kwenye miteremko ya Mumirwa na nyanda za juu za Mugamba, ambako kuna mashamba ya mikaratusi, misonobari na miti ya grevillea iliyopandwa kando ya mashamba ya kahawa na mazao mengine. Barabara ya taifa namba 1, inayopanda hadi Bugarama kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, ndiyo njia kuu ya mteremko huo. Waendesha baiskeli wanaoshuka kwa kasi wakiwa na magunia ya makaa na mikungu ya ndizi ni sura inayofahamika na kila msafiri wa njia hiyo.

Mzigo mwingine ni mbao ngumu, kama vile libuyu, zinazotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hizo hupendwa na maseremala wa samani. Bei na upatikanaji wake hufuata hali ya mpaka: usalama unapozorota upande wa pili na magari yanapokwama, karakana za Bujumbura hurudi kwenye mkaratusi.

Muuzaji wa Carama hana soko la miti peke yake. Viwanda vya chai vya nyanda za juu hutumia kuni kukausha majani, matanuru ya matofali huhitaji kuni nyingi kwa mkupuo mmoja, na mikate ya jijini huokwa kwa moto huo huo. Mkulima mwenye miti kumi ya kukomaa huweza kuwachagua wanunuzi.

Kwa nini kuni na mbao huuzwa pamoja?

Jibu limo ndani ya gogo lenyewe. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 4 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.28. Gogo ni duara na ubao una pembe nne, kwa hiyo pande zake hukatwa na kuachwa. Ikiwa mpasuaji atapata asilimia 40 ya ujazo huo kama mbao zinazouzika, basi atabaki na mbao zipatazo tano au sita za upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 2.5. Zaidi ya nusu ya mti aliounua imegeuka mabanzi, vipande vya ncha na unga wa mbao.

Mpasuaji anayeuza mbao pekee hupoteza nusu hiyo. Yule anayeyapanga mabanzi, kuyakata kwa urefu wa jiko na kuyauza kama kuni hurejesha sehemu ya fedha zake. Unga wa mbao nao una wanunuzi: wafugaji wa kuku huutandaza bandani, na baadhi ya majiko hushindiliwa unga huo na kuwaka polepole kwa saa kadhaa. Karakana ndogo mara nyingi hulipia gharama zake kwa mbao, na faida yake hupatikana katika masalio.

Msumeno nao una sehemu yake. Msumeno wa mnyororo, unaopendwa kwa sababu hubebwa begani hadi shambani, hula milimita 8 hadi 10 za mti kila unapopita. Msumeno wa mkanda hula milimita 2 hadi 3. Mpasuaji akipita mara tano kwa mnyororo, amegeuza unga unene wa karibu mbao mbili. Akipita mara tano kwa mkanda, hasara ni kama nusu ya ubao mmoja. Tatizo ni kwamba msumeno wa mkanda una bei kubwa, huhitaji umeme au injini isiyohamahama, na huhitaji fundi anayejua kunoa na kunyoosha ukanda wake. Ndiyo maana milimani bado wako wapasuaji wawili wa msumeno wa mkono, mmoja juu ya jukwaa na mwenzake chini. Kazi yao ni ya taratibu na ya jasho, lakini haihitaji petroli.

Maji yanayouzwa kama kuni

Mti uliokatwa jana, kwa kawaida, nusu ya uzito wake ni maji. Tani moja ya kuni mbichi ina kilo 500 za mti mkavu na kilo 500 za maji. Kuni hizo zikikaushwa hadi maji yabaki asilimia 20, uzito wake hushuka hadi kilo 625. Muuzaji huona amepoteza kilo 375. Lakini joto linaloweza kupatikana katika kilo hizo 625 ni kubwa kuliko lile la tani nzima mbichi, kwa takriban sehemu moja ya kumi, kwa sababu moto hautumii tena nguvu yake kuchemsha maji na kuyageuza mvuke. Faida ya jikoni ni kubwa zaidi ya hiyo, maana kuni mbichi huwaka vibaya, hutoa moshi mwingi na kuacha masizi kwenye sufuria.

Hapa ndipo Carama inapokuwa na bahati ya kijiografia. Kuni zilizokatwa kwenye ukungu wa Mugamba hukauka polepole huko zilikotoka. Katika joto la Imbo, hasa katika kiangazi cha kuanzia Juni hadi Septemba, hukauka haraka zaidi iwapo zimepasuliwa, zimeinuliwa juu ya ardhi kwa mawe au magogo na zimefunikwa juu huku pande zikiachwa wazi. Zikirundikwa moja kwa moja ardhini, mchwa huanza kazi kabla ya mnunuzi kufika.

Mwenye mtaji hununua kiangazi na kuuza katika masika. Asiye na mtaji hulazimika kuuza kile kile kilichoshushwa asubuhi, kibichi, kwa sababu jioni ana kodi ya nyumba na karo za watoto. Kukausha ni ujuzi, lakini pia ni fedha iliyolala kwa miezi miwili au mitatu. Mteja naye ana la kufanya: kuni kavu huwa na nyufa kwenye ncha, gamba lake hutoka kwa urahisi, na vipande viwili vikigonganishwa hulia mlio mkali, si mlio mzito.

Kwa mbao, maji huleta shida ya aina nyingine. Mkaratusi hukua kwa mkazo mkubwa ndani ya shina, na gogo likipasuliwa mbao zinaweza kujipinda au kupasuka siku hiyo hiyo. Dawa yake ni kuzipanga kivulini, kutenganisha kila ubao na mwenzake kwa vijiti vya unene sawa, kupaka ncha zake rangi au nta ili zisikauke haraka kuliko katikati, na kuziwekea uzito juu. Paa lililojengwa kwa mbao mbichi hupinda baada ya kiangazi kimoja, na lawama humrudia aliyeuza.

Mafuta, umeme na baiskeli

Katika miaka ya karibuni Burundi imekumbwa na uhaba mkubwa wa mafuta, unaohusishwa na upungufu wa fedha za kigeni. Kwa muuzaji wa kuni, uhaba huo hugusa kila hatua: msumeno wa mnyororo unahitaji petroli, lori linahitaji dizeli, na dereva aliyekesha kwenye foleni ya kituo cha mafuta hutoza zaidi. Kuni ni bidhaa nzito yenye thamani ndogo kwa kila kilo, kwa hiyo usafiri ndio unaoamua bei yake jijini. Machi 2022, mamlaka zilipozuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya Bujumbura, waliobeba mizigo midogo walilazimika kuishia pembezoni. Vituo vya mitaa ya kaskazini vikawa karibu na mwisho wa safari yao.

Umeme nao hukatika. Karakana yenye mashine ya randa au msumeno wa duara hupanga kazi kwa kufuata mgao, na mafundi hulipwa au hawalipwi kulingana na saa ambazo mashine zilizunguka. Kuingia kazini kwa bwawa la Rusumo la megawati 80, linaloshirikiwa na Burundi, Rwanda na Tanzania, na ujenzi wa mabwawa ya Jiji na Mulembwe, kumeleta matumaini ya nafuu. Matumaini hayo hayajaondoa jenereta wala baiskeli.

Sheria inasema nini?

Misitu ya Burundi inaongozwa na Kanuni ya Misitu ya tarehe 15 Julai 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Usimamizi wa mazingira na misitu uko mikononi mwa Ofisi ya Burundi ya Ulinzi wa Mazingira, OBPE. Kwa mfanyabiashara, jambo la kwanza ni kuthibitisha kwamba mti umetoka mahali halali na kwa kibali. Mti kutoka hifadhi ya taifa, iwe Kibira yenye takriban hekta 40,000 au Rusizi iliyo jirani na jiji, hauna uhalali wowote wa kibiashara, na anayeupokea anaweza kuupoteza mzigo wote pamoja na fedha alizolipa.

Jambo la pili ni ardhi. Katika nchi ambayo watu wengi walikwenda uhamishoni na kurejea wakakuta wengine wameishi katika mashamba yao, swali la nani mwenye mti si dogo. Anayenunua mti uliosimama hufanya vyema kutafuta makubaliano ya maandishi, mbele ya mashahidi na viongozi wa kilima, yakitaja mipaka na idadi ya miti. Mdomo pekee haumlindi siku ndugu mwingine wa familia anapojitokeza.

Je, makaa ni suluhisho?

Familia nyingi za jijini hupendelea makaa kwa sababu hayana moshi mwingi na ni mepesi kubeba. Lakini katika tanuru la jadi la udongo, kilo 100 za kuni kavu huzaa takriban kilo 15 tu za makaa. Ingawa kilo moja ya makaa ina joto karibu mara mbili ya kilo ya kuni, karibu theluthi mbili au zaidi ya joto la mti huwa limepotea milimani kabla gunia halijashonwa. Kila familia inayohama kutoka kuni kavu na jiko bora kwenda makaa huongeza mzigo kwa msitu.

Kwa upande mwingine, moshi wa kuni huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Wanawake na watoto wadogo, ambao hukaa karibu na jiko, ndio walio hatarini zaidi. Kuni kavu, jiko linalobana moto na dirisha lililo wazi hupunguza madhara hayo bila kuyamaliza.

Kesho ya karakana

Mwaka 2018 serikali ilizindua mpango wa upandaji miti uitwao Ewe Burundi Urambaye, wenye maana ya kuivika nchi miti. Kwa wapasuaji, swali si idadi ya miche pekee, bali umri wa mti unapokatwa. Mkaratusi huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Ukiachiwa machipukizi mawili au matatu yaliyo bora, hutoa kuni na nguzo baada ya miaka sita hadi minane. Mti wa mbao huhitaji muda mara mbili ya huo au zaidi. Uhitaji unaposukuma wakulima kukata mapema, kuni hupatikana leo na mbao hukosekana miaka kumi baadaye.

Hatua zilizo ndani ya uwezo wa karakana ndogo zinajulikana: kununua miti iliyokomaa, kunoa msumeno kabla ya kila kazi, kukausha kabla ya kuuza, kuuza masalio yote na kutunza karatasi za kila mzigo. Kwa watengenezaji kadhaa, kuchanga ili kumiliki msumeno mmoja wa mkanda kunaweza kumaanisha mbao moja au mbili zaidi katika kila gogo. Katika biashara ambayo faida hukaa ndani ya ubao mmoja, hiyo ndiyo tofauti kati ya kufungua mlango kesho na kuufunga.