Saruji ya Mfupa: Uimara, Ukandaji na Lugha ya Fundi

Fundi mwashi anayejenga mjini Voi mwezi wa Februari hakorogi simiti nyingi kwa wakati mmoja. Anajua kwamba jua likishapanda, mchanganyiko utashika karaini kabla haujafika ukutani. Mwenzake aliye Wundanyi, huko milimani ambako ukungu hukawia asubuhi, hana haraka hiyo. Tofauti hii, ambayo kwa mafundi wa Taita Taveta ni jambo la kawaida, huwakabili pia madaktari wa mifupa katika chumba cha upasuaji, kwani nao wana saruji yao. Makala haya yanakusudia kueleza saruji hiyo ni kitu gani, jinsi watafiti walivyojaribu kuiongezea uimara na kuirahisisha kukandwa, na kwa nini Kiswahili cha mafundi kinatosha kuieleza.

Suala lenyewe si la vitabuni tu. Voi imekaa kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ambako malori hupita usiku na mchana na bodaboda hujipenyeza katikati yake. Mgonjwa aliyevunjika nyonga akiambiwa kwamba atatiwa “simiti” mwilini, ana haki ya kuelewa anachotiwa, maana ndiye atakayetia sahihi au alama ya kidole gumba kuukubali upasuaji. Akielezwa kwa maneno yasiyofaa, atakubali jambo ambalo halipo.

Neno saruji lina asili ya Kiajemi, na nchini Oman jina hilohilo hutajwa hadi leo kwa lipu ya udongo uliochomwa na chokaa, iliyosiribiwa katika mifereji ya maji na ngome za kale. Kwa hiyo tangu awali saruji si jina la unga wa kijivu wa kwenye mifuko, bali ni la kitu kinachoanza kikiwa laini kama uji na kuishia kuwa jiwe. Kwa maana hiyo, istilahi “saruji ya mfupa” haikulazimishwa. Iliyolazimishwa ni “gundi ya mfupa”, ambayo husikika mara kwa mara. Gundi huunganisha nyuso mbili kwa kunata. Saruji inayotumiwa zaidi, ile ya akriliki ambayo daktari Mwingereza John Charnley aliitumia kuanzia mwaka 1958 kukazia nyonga za bandia, hainati kwenye mfupa hata kidogo. Hujaza nafasi, ikapenya katika vitundu vya mfupa, kisha ikashikilia humo kama lipu inavyoshikilia ukuta uliochongwa-chongwa.

Charnley hakuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka 1890 Themistocles Gluck wa Berlin alitengeneza viungo vya bandia kwa pembe za ndovu (miaka ambayo misafara ya pembe ilikuwa bado ikipita Taveta kuelekea pwani), na mwaka 1892 Dreesmann, Mjerumani mwingine, akaeleza jinsi alivyojaza mashimo ya mifupa kwa plasta ya jasi.

Saruji ya akriliki huja kwa sehemu mbili: unga, kwa kawaida gramu 40, na kimiminika chenye harufu kali, mililita 20 hivi. Vikikorogwa, kwanza huwa uji unaoganda kwenye glavu. Baada ya dakika chache uji huwa donge lisilonata, mithili ya unga wa chapati uliokandwa ukakubali. Hapo ndipo daktari hupata fursa yake. Akitangulia, uji utavuja na kuchanganyika na damu. Akichelewa, donge litapata moto na kuwa jiwe mkononi. Shughuli nzima huchukua kiasi cha dakika 10 hadi 15, na joto la chumba ndilo huamua. Vipimo vya kimataifa hufanywa katika nyuzi 23, ilhali mchana wa Voi mara nyingi hupita nyuzi 30. Umeme ukikatika na kiyoyozi kikanyamaza, dakika zilizoandikwa kwenye pakiti hupungua. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huipoza saruji kabla ya kuichanganya, kama vile fundi anavyotafuta kivuli cha kukorogea.

Kuhusu uimara, kipimo kinachokubalika kimataifa kinaitaka saruji ya akriliki ikishashika ihimili mbano wa megapaskali 70, yaani takriban kilo 700 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Adui wake mkubwa ni hewa. Anayekoroga kwa nguvu katika bakuli wazi huingiza mapovu, na kila povu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, hasa ikizingatiwa kwamba mwenye nyonga hiyo atapiga mamia ya maelfu ya hatua kila mwaka. Fundi huishindilia konkriti ili kuitoa hewa. Katika upasuaji, tangu miaka ya 1980, saruji imekuwa ikikorogwa ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa, jambo ambalo pia huwapunguzia wauguzi ule mvuke mkali.

Aina ya pili ndiyo yenye utata zaidi, na pengine yenye mvuto zaidi. Miaka ya 1980 huko Marekani, Brown na Chow waligundua kwamba chumvi mbili za kalsiamu na fosfati zikichanganywa na maji hushika katika joto la mwili na kuwa madini yanayokaribiana sana na yale ya mfupa wenyewe. Saruji hii haiunguzi, na mwili waweza kuila polepole ukiweka mfupa mpya mahali pake. Kasoro yake ni kwamba huvunjika kama chaki. Hapa Kiswahili kinadai uangalifu: ugumu si uimara. Chaki ni ngumu, lakini ukiipinda hukatika papo hapo.

Maji ndiyo chanzo cha mvutano wote. Yakizidi, saruji hupita kwa urahisi katika bomba la sindano, lakini huacha vitundu vingi na kudhoofika. Yakipungua, huimarika ila hukataa kupita: kimiminika hutangulia na unga ukabaki nyuma, kama tui linavyotoka na machicha kusalia kifumbuni. Watafiti walipata njia kwa kutumia chumvi za sitrati, ambazo huzifanya punje za unga zisukumane badala ya kushikamana, hivyo mchanganyiko ukateleza kwa maji machache. Waliongeza pia alginati, inayotokana na mwani wa kahawia, ili damu isiisombe saruji kabla haijashika.

Dhidi ya kupindika, dawa ni nyuzi. Mtu wa Mwatate, anayeishi karibu na mashamba ya mkonge, hahitaji maelezo marefu: katani huchanganywa na plasta ya jasi katika dari ili isikatike vipande. Katika saruji ya mfupa hutiwa nyuzi za aina ile inayoshonewa vidonda na kuyeyuka. Mwanzoni hubeba mzigo; baadaye huyeyuka na kuacha vijia ambamo mfupa mpya huingia. Ni fikira ya kiufundi iliyo nzuri kuliko nyingine zote zilizotajwa hapa.

Limebaki swali ambalo mgonjwa huuliza kwanza: “Itakauka lini?” Saruji haikauki, hushika. Ya fosfati hushika hata ikiwa imezama katika damu, kama simiti ambayo fundi huimwagilia maji asubuhi na jioni ili ikomae vyema. Kwa hiyo jibu sahihi kwa aliyetiwa akriliki ni kwamba imeshashika kabla hajatolewa chumba cha upasuaji. Kwa aliyetiwa ya fosfati, huanza kushika kwa dakika, hukomaa kwa muda wa siku moja hivi, na mfupa wake mwenyewe utachukua miezi, pengine miaka, kurudi mahali pake.