Birayi na mchele: wageni wawili ndani ya chungu kimoja

Mwezi huu gazeti lenu linaingia jikoni. Kuna swali ambalo akina mama wanaulizana kila siku kwenye foleni ya maji: mchele ni kidogo, watoto ni wengi, tufanye namna gani washibe na wapate nguvu?

Jibu letu ni fupi. Usipike mchele peke yake, wala birayi peke yake. Changanya, halafu weka kando yake maharage, mboga au ndagala. Si sisi tuliobuni ujanja huu. Watu wengi duniani waliokula birayi na mchele wakapona wamefanya hivyo hivyo, na baadhi yao walikuwa watu waliofukuzwa au kuhamishwa kwao kama sisi.

Hata vyakula hivi vilihama

Sisi Wakongo tunasema birayi. Warundi wanasema ibiraya. Watu wa pwani ya Tanzania na Kenya wanasema viazi ulaya, ama viazi mviringo. Ukisikia jina hilo la pwani utafikiri vilizaliwa Ulaya. Kumbe hapana! Ulaya vilipita tu njiani. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, upande wa ziwa Titicaca, kati ya Peru na Bolivia. Wenyeji wa kule walivilima maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajavipeleka Ulaya katika karne ya 16. Huku kwetu vililetwa na wamisionari na wakoloni, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20.

Leo nenda kamwambie mkulima wa Mugamba kwamba birayi ni vigeni, atakucheka. Vinalimwa kwenye baridi ya milima, vinafika soko la Gitega kwa magunia, na kutoka Gitega barabara inapita Karusi mpaka huku Muyinga. Aina moja inayojulikana sana Burundi inaitwa Ndinamagara, yaani "nina uzima". Hiyo nayo ni mhamiaji. Mbegu yake ilitoka Mexico, na jina lake la kwanza ni Cruza 148. Ilipendwa Burundi, Rwanda na Kivu kwa sababu inavumilia mildiu, ule ugonjwa unaokausha majani wakati wa mvua.

Mchele nao una ukoo wa namna mbili. Kuna mchele wa Asia, uliolimwa kwanza China, na kuna mchele wa Afrika, uliolimwa kwanza kwenye bonde la mto Niger, nchini Mali, karibu miaka 3,000 iliyopita. Burundi mpunga unalimwa kwenye tambarare ya Imbo, upande wa mto Ruzizi, na pia kwenye mabonde ya Gitega, Karusi, Kirundo na Muyinga. Watoto wetu waliozaliwa kambini wanaujua mpunga kwa macho. Ila wakisikia Mtanzania anasema "wali" wanashangaa, maana sisi tunasemaga mchele hata ukiwa umeshaiva kwenye sahani.

Watu waliohama walipika nini?

Tuanze India. Mwaka 1856 Waingereza walimwondoa madarakani Wajid Ali Shah, mfalme wa Awadh. Akaacha mji wake wa Lucknow, akaenda kuishi Kolkata pamoja na watu wake na wapishi wake. Hapo ndipo biriani ya Kolkata ilipopata sifa yake: ndani ya mchele na nyama kuna kirayi kikubwa kilichoiva vizuri. Wengine wanasema kirayi kiliingia kwa sababu hela ya nyama ilipungua. Wengine wanakataa, wanasema wakati ule birayi vilikuwa kitu kipya cha fahari. Hata hivyo, leo mtu wa Kolkata akipewa biriani bila kirayi anaona ameibiwa.

Tuvuke bahari. Waafrika waliokamatwa na kuuzwa utumwani Marekani walifika na ujuzi wa kulima mpunga. Kule Carolina ya Kusini mashamba makubwa ya mpunga yalisimama juu ya mikono yao na akili zao. Kwenye nyumba zao walipika mchele pamoja na kunde. Chakula hicho bado kinaliwa kule siku ya Mwaka Mpya, wakisema kinaleta baraka. Nikaragua na Kosta Rika nao wanakaanga mchele na maharage pamoja, wanauita "jogoo mwenye madoa" kwa sababu ya rangi zake mbili. Si unaona? Mchele na maharage, kile chakula tunachodharau tukisema "leo tena?", kwa wengine ni chakula cha heshima ya nchi.

Senegal wanapika mchele ndani ya mchuzi wa samaki na mboga, chungu kimoja, na familia nzima inazunguka sahani moja kubwa. Wanauita ceebu jën. Mwaka 2021 UNESCO iliuandika kati ya urithi wa dunia usioshikika kwa mkono.

Kwa birayi, karibu nasi kuna Wakikuyu wa Kenya. Wanachemsha birayi na mahindi, maharage au njegere, na majani mabichi, wanaponda vyote pamoja. Jina lake ni mukimo, na haukosekani kwenye harusi. Kule Andes wanaanika birayi kwenye baridi ya usiku vigande, mchana wanavikanyaga maji yatoke, wanavikausha kwa jua. Vinakaa miaka bila kuoza.

Lakini kuna nchi moja inayotuonya. Ireland, maskini wengi waliishi kwa birayi karibu peke yake, tena vya aina moja. Mwaka 1845 mildiu ikaingia, mashamba yakaoza. Mpaka mwaka 1852 watu karibu milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli wakakimbia. Ugonjwa uliharibu shamba, lakini mashamba mengine yaliendelea kutoa nafaka na nyama zilizopelekwa kuuzwa nje, maskini hawana hela ya kununua. Ndiyo maana tunasema: usiweke uhai wa nyumba juu ya chakula kimoja. Hata mwenye kashamba kadogo pembeni ya nyumba, apande lengalenga, maharage na maboga pamoja na birayi.

Tupike sasa: mchele wa birayi (watu 6)

Tafuta vikombe 3 vya mchele, kilo 1 ya birayi, kitunguu 1, nyanya 2, konzi moja ya ndagala zilizooshwa, fungu la lengalenga, vijiko 3 vya mafuta na chumvi.

Menya birayi, kata vipande vikubwa kidogo. Kaanga kitunguu mpaka kigeuke rangi, weka nyanya na ndagala, kisha birayi na chumvi. Geuza kwa dakika tano. Mimina vikombe 6 vya maji. Maji yakichemka, weka mchele uliooshwa, funika, punguza moto. Maji yakikaribia kukauka, weka lengalenga iliyokatwa juu, funika tena, toa makala chini na uweke machache juu ya mfuniko. Baada ya robo saa iko tayari. Vikombe vitatu vya mchele vilivyokuwa vinashibisha watu wanne vinatosha sita, tena na mboga ndani.

Birayi vya kuponda na maharage

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha mpaka yaive kabisa. Kuloweka kunapunguza kuni. Dakika 25 kabla ya kuepua, weka birayi, halafu mboga na kijiko cha mawese. Ponda. Mtoto aliyefikisha miezi 6 anaweza kula, ukimpondea laini kabisa. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanamtosha, na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi huku akila.

Tahadhari tatu

1. Kirayi kilichogeuka kijani au kilichochipua kina sumu, na kuchemsha hakuitoi. Kama kijani ni kidogo, kata sehemu hiyo na machipukizi pamoja na nyama ya pembeni. Kama ni kingi au kirayi ni kichungu, tupa, hata kama roho inauma.

2. Mchele ulioiva usilale nje mpaka asubuhi. Kuna kijidudu kinachobaki hai baada ya kupika, kinatoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kinaleta kutapika na kuhara, na mtoto mdogo anaishiwa maji haraka. Sisi hatuna friji, basi pima mchele unaotosha jioni ile.

3. Weka birayi mahali pakavu, pasipo na mwanga. Jua ndilo linalovigeuza kijani.

Tunamaliza na ombi kwa akina bibi. Watoto wengi hapa hawajawahi kuiona Uvira, Fizi, Bukavu wala Minembwe. Wanaijua Kongo kwa midomo yenu na kwa vyungu vyenu. Jioni moja wiki hii, mwite mjukuu, msichana au mvulana, akae karibu na mbabula, umwonyeshe mlivyokuwa mnapika nyumbani: mliweka nini kwanza, nini mwisho, na siku gani mlikila. Anayejua kuandika aandike kwenye daftari. Leteni maandishi hayo kwetu, tutayachapa toleo lijalo, na jina la kijiji chenu juu yake.

Kazi njema jikoni!