Jumamosi Mume Wangu Alikuwa Akienda Wapi?

Kwa miezi minne mfululizo, kila Jumamosi saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mume wangu alikuwa akinyata kutoka kitandani kama mwizi. Taa hawashi. Viatu anavalia mlangoni. Anarudi saa tano, katota jasho, vidole vimejaa vumbi, na kibegi cha mgongoni ambacho hakifiki hata siku moja chumbani kwetu. Nikimuuliza alikuwa wapi, jibu ni lile lile: "Mazoezi."

Mpenzi msomaji, mimi ndiye ninayehariri kurasa hizi. Habari za akina dada ambao waume zao "wako mazoezini" nimezisoma mpaka nimezikinai, na najua mazoezi ya namna hiyo huwa yanaishia wapi. Basi Jumamosi moja nikavaa dira, nikajitanda mtandio hadi usoni, nikapanda bodaboda na kumwambia kijana asiipoteze ile bajaji ya mbele. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia huyo mwanamke.

Bajaji ikasimama Karume. Naam, Karume hii hii ya Ilala, soko la mitumba. Nilimkuta kapiga magoti kwenye turubai, yeye na wanaume wengine kama tisa, wanafukua rundo la nguo utadhani kuna mtu kadondosha pete ya ndoa humo ndani. Mkononi kashika fulana nyekundu iliyopauka, anaichungulia kwenye kola kwa tochi ya simu. Aliponiona alishtuka kuliko mtu aliyefumaniwa.

"Mke wangu, nitakueleza."

Muuzaji akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatabasamu. "Shemeji, karibu. Leo tumefungua belo la Uingereza."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mpinzani wangu ni jezi.

Naomba tuelewane. Sizungumzii jezi mpya zinazotundikwa Kariakoo kila msimu. Nazungumzia jezi kuukuu za mpira, za miaka ya 80 na 90, ambazo Mwingereza fulani alizivaa mpaka tumbo likakua, akazitoa kwenye duka la hisani, zikapangwa, zikashindiliwa kwenye belo la kilo 45 na kupakiwa melini. Huko duniani watu wanakusanya vitu vya michezo kwa fedha za kutisha. Mei 2022 jezi aliyovaa Maradona dhidi ya Uingereza kwenye Kombe la Dunia la 1986, siku ya lile bao la mkono, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 7. Agosti mwaka huo huo, kule Marekani, kadi moja ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, kipande cha karatasi cha 1952, ilikwenda kwa dola milioni 12.6. Kadi hatukukua nazo sisi. Sisi tulikua na mitumba.

Na hapo ndipo kilipoanzia kisa cha mume wangu. Yeye na kaka yake walilelewa Tanga, na katikati ya miaka ya 90 walikuwa na jezi moja kwa watu wawili. Ilikuwa ya Liverpool, nyekundu yenye madoadoa meupe, kifuani imeandikwa Candy. Ilikuwa ya mtu mzima, ikiwafika magotini. Leo anavaa huyu, kesho yule, na siku ya mechi ya mtaa wanavaa kwa zamu, kipindi cha kwanza na cha pili. Waliamini Candy ni kampuni ya pipi. (Ni watengenezaji wa mashine za kufulia, Waitaliano.) Ilipotatuka mama yao akaifanya tambara la kudekia. Kaka mtu sasa ni dereva Muscat, na kila akipiga simu lazima ile jezi itajwe. Mume wangu alikuwa anaitafuta ya kufanana nayo amtumie. Katika kuitafuta hiyo moja, akaokota nyingine hamsini na nane.

Sitaficha, siku ile nilicheka mpaka machozi. Nilikwenda kufumania, nikarudi na kipochi cha kunikumba mimi mwenyewe, cha shilingi elfu mbili. Jumamosi iliyofuata nikamwambia aniamshe.

Kuna utamu wake, jamani. Ukifika saa moja unakuta belo linafunguliwa, kamba zinakatwa, na watu wanarukia. Ukifika saa nne unakuta yaliyobaki, na muuzaji anapiga kelele "buku, buku!" kwa vitu vinavyostahili bei hiyo kweli. Usiende na nguo za ofisini. Beba noti ndogo ndogo, maana ukitoa msimbazi mwekundu kwa jezi ya elfu tatu umeshajitangaza. La muhimu kuliko yote, ukiishika jezi kali usiikodolee macho. Muuzaji hasomi jezi, anasoma uso wako. Mume wangu ana mbinu yake: anaishika anayoitaka huku anaulizia bei ya nyingine mbaya. Mimi sura yangu haifichi kitu, kwa hiyo nimepigwa marufuku kushiriki mazungumzo ya bei.

Kuitambua halisi ndiyo kazi yenyewe. Anza na kifua. Mdhamini na mtengenezaji lazima waendane na mwaka. Jezi ya Manchester United yenye Sharp na alama ya Nike, irudishe rundoni hata bei usiulize: Sharp waliondoka 2000, Nike wakaingia 2002. Ila yenye Vodafone na Umbro usiicheke, ipo kweli, ni ya kati ya 2000 na 2002. Arsenal ya JVC haiwezi kuwa ya baada ya 1999. Ile ya njano yenye michirizi myeusi ya zigizaga, ambayo Waingereza wenyewe waliiita ndizi iliyopondeka, ni ya 1991 hadi 1993, na kifuani ina JVC. Adidas waliporudi Arsenal mwaka 2019 walitoa ya ugenini inayofanana nayo, lakini hiyo ina Emirates. Mume wangu alishawahi kupigwa hapo hapo, na anaona aibu kusimuliwa, kwa hiyo nasimulia mimi.

Halafu geuza mgongo. Ligi Kuu ya England ilianza kuweka majina ya wachezaji na namba za kudumu mgongoni msimu wa 1993/94. Ukiona jezi ya 1990 ina jina, ujue kuna mtu kalibandika baadaye. Halafu ndani: darizi ya nembo kwa nyuma iwe imetulia, isiwe na nyuzi zinazoning'inia kama mchicha. Jezi nyingi za Adidas na Nike za miaka ya 2000 kuja huku zina lebo ndogo yenye namba ya bidhaa. Iingize namba hiyo kwenye simu, ikikuletea picha ya viatu au suruali, kicheko. Za Umbro za miaka ya 90 mara nyingi zina michoro iliyofumwa ndani ya kitambaa chenyewe, unaiona ukiinamisha jezi kwenye mwanga. Feki huwa imechapwa juu tu.

Kufua: maji baridi, uigeuze ndani nje, dawa ya kung'arishia mashati meupe isikaribie, na pasi isiguse jina la mdhamini. Hilo la pasi nimejifunza kwa gharama. Tuliache.

Basi, tulikuwa na raha zetu hizo kama mwezi na nusu hivi. Kisha siku moja nikafungua akaunti yetu ya kiwanja.

Tunaweka pamoja, kila mwisho wa mwezi, kwa ajili ya kiwanja Kibaha. Lengo letu lilikuwa milioni 6. Nilijua tumefika wapi, kwa sababu mimi ndiye ninayeshika hesabu kichwani. Siku ile salio lilikuwa pungufu kwa laki saba na ushee. Nikadhani ni mtandao. Nikafunga simu, nikawasha tena.

Hakubisha. Alikwenda ofisini kwake akarudi na masanduku mawili. Nikachukua daftari, tukakaa sakafuni, jezi moja moja, hii uliipata wapi, hii shilingi ngapi. Tulimaliza saa saba usiku. Jezi 58. Jumla shilingi 742,500. Kilichoniuma sana si zile za bei mbaya. Zilikuwepo 31 alizozinunua kwa sababu moja tu, kwamba zilikuwa rahisi. Elfu tatu hapa, elfu nane pale, timu asizozijua hata jina, moja ya shule ya msingi ya huko Uholanzi. Hizo peke yake zilikula 217,000. Na katika zote, sita zilikuwa feki.

"Ningezirudisha," alisema. "Nilikuwa nasubiri nipate ile ya kaka, nikuambie yote kwa pamoja."

Wiki mbili tulizungumza mambo ya Luku na gesi tu. Sikuwa na hasira na jezi. Nilikuwa nikikumbuka ile bodaboda, mtandio usoni, moyo unavyodunda, na yeye kumbe angeweza kuniambia neno moja tu nikalala zangu. Kuna rafiki yangu aliniambia, "Shukuru Mungu si mwanamke." Nimeambiwa hivyo na watu watatu sasa. Sijui kwa nini mwanamke anapoibiwa fedha za kiwanja aambiwe ashukuru.

Alianza kuuza bila kuambiwa. Ziliondoka 19 ndani ya miezi miwili, kwa vijana wa Masaki wanaozivalia kwenye matamasha na kwa mtu mmoja wa Nairobi aliyekuja mwenyewe kuzichukua. Ile ya Newcastle ya katikati ya miaka ya 90, yenye nembo ya bia ya Newcastle Brown Ale kifuani, aliyoinunua elfu tano, ilikwenda kwa 150,000. Kwenye akaunti zikarudi 655,000. Akaja na daftari kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Umeona?" Nikamwambia nimeona, na nikamuuliza ile miezi minne ya mazoezi ameiandika ukurasa wa ngapi.

Iliyobaki, 87,500, aliimalizia kwenye posho yake ya safari. Tukawekeana utaratibu: elfu thelathini kwa mwezi, kutoka mfukoni mwake, kila kitu daftarini, na jezi zisizidi arobaini, ikiingia moja, itoke moja. Karume tunakwenda wote. Soko lile liliungua Januari 2022, watu wakapoteza mitaji yao usiku mmoja, na wakarudi kupanga meza. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ikome ifikapo 2019. Mnajua wenyewe iliishia wapi. Mimi naelewa hoja ya viwanda vyetu, na bado Jumamosi ninakwenda.

Ukusanyaji wake umebadilika pia. Za timu asizozijua haziokoti tena. Ametafuta ya Yanga ya msimu wa 2022/23, walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kulikosa kwa bao la ugenini mbele ya USM Alger, akaitundika sebuleni. Mimi ni Mnyama damu. Nimeitundikia shuka mbele yake mara mbili.

Mwezi uliopita, Jumamosi ya mwisho, muuzaji wetu alituita kabla hatujafika kwenye turubai. Alikuwa ameiweka pembeni, imefungwa kwenye shuka. Nyekundu. Madoadoa meupe. Candy. Adidas wa ile alama ya zamani ya majani matatu, kola imechoka, kwapa la kulia limetatuka, mgongoni hakuna jina. Mume wangu hakutumia mbinu yoyote. Aliikodolea macho.

"Elfu ishirini na tano, kaka. Kwa kuwa ni wewe."

Daftari lilikuwa na elfu sita ya mwezi ule. Waliburuzana mpaka elfu kumi na nane, pakagoma hapo. Nikasubiri anigeukie. Hakunigeukia. Aliikunja vizuri, akaipa mkono kama anamuaga mtu, akasema, "Elfu sita ni elfu sita. Twende tukanywe supu."

Supu hakuimaliza. Chapati hakuigusa. Nikamwambia nakwenda mara moja kutafuta vitunguu.

"Shemeji, nilijua utarudi," muuzaji akasema, na kwa kuwa nilirudi akanipiga elfu ishirini kamili. Nilimlipa kwa fedha yangu ya saluni; ndiyo maana kwenye picha yangu ya mwezi huu nimefunga kilemba. Njiani nikaulizwa vitunguu viko wapi. Nikasema vilikuwa ghali.

Huwa anasoma jarida hili ofisini, saa ya chai, akianzia ukurasa wangu. Baba watoto, ipo kabatini upande wa kushoto, chini ya vitenge. Kwapa nimeshalishona. Mpigie kaka yako, na ukirudi jioni pitia vitunguu.