Motokari inakohoa na bujie ni mupya: tutafute wapi?

Mzee moja wa Kolwezi, mufanyakazi wa zamani wa mayina, alipopata dekonte yake alinunua Toyota Corolla, ile ya miaka ya 1990 yenye moteri 4A-FE. Usukani uko kuume, bodi bado nguvu. Kijana wake njo anaendesha taksi, na mangaribi anarudisha franga ya siku. Franga ile njo unga, njo minervali ya wadogo wake.

Kisha moteri ikaanza kukohoa. Asubuhi inawaka muzuri. Nusu saa ikipita na moto ukisha kupanda, pale kwenye ralanti inatetemeka sawa mutu wa malaria. Ukikanyaga, inakimbia sawa hakuna neno. Garaji ya kwanza ilibadirisha bujie zote ine. Ikakohoa. Garaji ya pili ikaweka fili mupya na kifuniko cha delko. Ikakohoa. Mara ya tatu wakasema ni pompi ya esansi, na pompi ikabadirishwa. Mama wa nyumba akauliza bwana wake: "Baba, hii motokari itaendelea kukula mbele ya watoto mpaka lini?"

Wale mafundi hawakuwa wajinga. Bujie, fili na delko njo vinakufa sana katika motokari za vile, na kuanzia pale si kosa. Kosa ni kununua kipande mbele ya kupima.

Moteri ile iko na silinda ine, na zinawaka kwa zamu: 1, 3, 4, 2. Silinda moja ikikosa zamu yake, moteri nzima inatikisika. Basi kazi ya kwanza ni kujua ni silinda gani. Moteri ikiwa katika ralanti, fundi anachomoa fishi ya enjektere ya silinda moja, anasikiliza, anarudisha, anaenda ku ingine. Penye silinda muzima, moteri inashuka na kutetemeka zaidi. Penye silinda mugonjwa, hakuna kinachobadirika, juu tayari haikuwa inafanya kazi. Wengi wanachomoa fili ya bujie na mukono. Achana na ile: umeme wa pale unapita volti elfu kumi, na esansi isiyowaka inaenda kuungulia ndani ya bomba la moshi.

Ukisha kujua silinda, unahamisha vitu bila kulipa hata franga moja. Bujie ya silinda mugonjwa unaipeleka ku jirani, ya jirani unaileta. Kama ugonjwa unahama nayo, bujie njo mwizi. Kama unabakia, unafanya vile na fili, kama urefu wake unafika. Fili unaweza pia kuipima na kontroleri: Toyota inasema isipite kilo-om 25. Na usiku, penye giza, fungua kapoo, nyunyizia maji kidogo sana karibu na fili na delko. Kama unaona vimeta vya bulu vinaruka, umeme unatoroka. Hii njo inasumbua wengi hapa kwetu wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa 11: motokari inakatala asubuhi, saa sita jua likikausha, inapona yenyewe.

Angalia pia kisima cha bujie. Katika 4A-FE bujie zinakaa chini, katikati ya moteri, na jointi za kifuniko cha juu zikizeeka, mafuta yanashuka ndani ya kisima. Ukichomoa fili na ncha yake inatoka na mafuta, usinunue bujie kwanza. Nunua jointi.

Kwa ile Corolla ya mzee, silinda mugonjwa ilikuwa ya 2. Bujie ikahamishwa, ugonjwa ukabakia palepale. Fili, vilevile. Enjektere ilikuwa inalia tik-tik muzuri: fundi aliweka turnevisi ndefu juu yake na sikio kwenye mupini. Umeme uko, esansi iko. Kinachobakia ni pumzi.

Pale njo garaji tatu zote hazikufika, juu kipimo cha kompresio si kila mutu anacho. Unachomoa bujie zote, unakata umeme na esansi, mutu moja anakanyaga akseleratere mpaka chini, na demarere inazungusha moteri. Kwa moteri hii, kipya kinatoa karibu bari 13, kisishuke chini ya 10, na silinda zisiachane kupita bari 1. Walipima ikiwa na moto. Silinda tatu zilifika karibu na 12. Ya 2 ikasimama kwenye 7.

Wengi wangesema: moteri imekufa, tafuta ingine. Ngoja kwanza. Fundi alimwanga kijiko kimoja cha mafuta ya moteri ndani ya silinda ya 2, akapima tena. Kama namba ingepanda sana, pete za pistoni njo zimechoka. Haikupanda. Pumzi ilikuwa inatokea juu, kwenye supape.

Akangojea moteri ipoe usiku mzima, akafungua kifuniko cha juu. Supape ya kutoa moshi inaomba nafasi kidogo moteri ikiwa baridi. Kwa silinda ya 2, supape moja haikukubali hata kipimo chembamba kabisa. Miaka mingi, supape inajikula ndani ya kiti chake, inapanda polepole, nafasi inaisha. Baridi, bado inafunga. Moto ukipanda, chuma kinarefuka, na supape inabakia wazi kadogo. Ukikimbia, pumzi haipate wakati wa kutoroka. Kwenye ralanti inapata. Njo maana ile motokari ilikuwa muzima asubuhi na mugonjwa saa ine.

Dawa yake ilikuwa pastiyi moja nyembamba zaidi, kachuma ka mviringo kanakokaa juu ya supape. Kisha kupima tena: karibu 11 na nusu. Supape haikuwa imeungua. Kama ingeendelea vile miezi mingine, ingeungua, na kulasi ingepaswa kutoka.

"Franga ya pompi nani atanirudishia?" mzee akauliza. Hakuna aliyejibu. Pompi ya zamani, iliyokuwa muzima, ingali ndani ya kofa, imefungwa na gazeti. Siku tatu kisha, kijana akarudi ku barabara, na mama akapeleka minervali ya wawili. Wa tatu anangojea mwisho wa mwezi.