Gari la kasi mpakani: Je, mita yasema kweli?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakufika Busia wala Malaba, ambako kibaya huweza kuoshwa, kikapakwa rangi, kikarudishwa mita nyuma na kuuzwa kama kizuri.

Hebu fikiria barobaro mmoja wa Nairobi aliyechukua mkopo kwenye chama cha akiba pale kazini. Ndoto yake ni Subaru Impreza yenye turbo, ile inayonguruma mtaa mzima ukaamka. Dalali anampigia simu: gari liko mpakani upande wa Kenya, mwenyewe ana haraka ya pesa, bei ni nafuu, na mita inasoma kilomita 78,000 tu. Ijumaa usiku barobaro yuko ndani ya basi kuelekea magharibi, na mkewe hajaambiwa bei kamili. Swali ni moja: hizo kilomita 78,000 alizihesabu nani?

Tusimcheke. Mapenzi ya magari haya hayakuanza jana. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda Safari Rally kwa Toyota Celica, na katika mashindano hayo hayo Patrick Njiru akamaliza wa nne akiwa na Impreza. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen akashinda kwa Mitsubishi Lancer Evolution, na mwaka uliofuata Colin McRae akashinda kwa Impreza. Watoto waliosimama kando ya barabara wakipigwa na vumbi la magari hayo sasa ni wazazi wenye mishahara, na wengine wamewarithisha wana wao ugonjwa huo.

Katika gari la kawaida la kwenda sokoni na kanisani, kilomita zilizofichwa ni hasara. Katika gari la kasi zaweza kuwa msiba. Injini nyingi za turbo za Impreza na Lancer Evolution hutumia mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa gari likifika takriban kilomita 100,000. Mwenye gari lenye mita ya 78,000 atajiambia bado ana muda. Ikiwa ukweli ni 178,000 na mkanda haujaguswa, utakatika siku moja bila kubisha hodi. Vali zitagongana na pistoni na injini itakuwa chuma chakavu. Omba tu isitokee wakati unalipita lori la mafuta kwenye barabara ya Bungoma kwenda Malaba.

HESABU YA BARABARA

Busia na Malaba ni milango mikuu ya magari yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda na nchi zilizo mbele yake. Mengi huendeshwa na madereva wa kukodiwa, moja nyuma ya jingine, na wengine hulala humo humo garini wakisubiri karatasi. Mengine hubebwa juu ya trela. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900.

Hapo ndipo pana kipimo ambacho wanunuzi wengi hukisahau. Gari lililotumika Japani huondoka huko na cheti cha kufutiwa usajili, ambacho huandikwa kilomita zilizosomwa gari lilipokaguliwa. Kama lilinunuliwa mnadani, ipo pia karatasi ya mnada yenye kilomita, alama ya hali ya gari na mchoro wa kila mkwaruzo. Herufi R mahali pa alama humaanisha kwamba gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Sasa chukua hesabu ya kwenye cheti, kisha tazama mita. Likiwa limeendeshwa kutoka Mombasa, mita lazima iwe imezidi cheti kwa kilomita 900 na ushei. Likiwa limebebwa, itakuwa pale pale au mbele kidogo. Ikiwa imeshuka, basi uliza kwa upole kama dereva alilirudisha kinyumenyume kutoka Kilindini.

Usikubali nakala ya cheti iliyofifia. Linganisha nambari ya chesisi iliyo kwenye karatasi na ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari. Kwa Impreza na Lancer za miaka ya 1990 itafute kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Miaka pia huwakanganya watu, kwa kuwa Wajapani huihesabu kwa enzi za wafalme wao: mwaka wa 10 wa Heisei ni 1998, na mwaka wa 2 wa Reiwa ni 2020. Zipo kampuni ambazo, kwa malipo, humtafutia mnunuzi karatasi ya mnada kwa nambari ya chesisi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko nauli ya kwenda mpakani na kurudi mikono mitupu.

UMRI NAO HUSEMA

Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda, tangu mwaka 2018, imepiga marufuku yale yaliyotimiza miaka 15 tangu yatengenezwe. Kwa hiyo dalali akikuambia kwamba Impreza ya 1998 imefika juzi kutoka Mombasa, huna haja ya kufungua boneti. Nayo Lancer Evolution iliachwa kutengenezwa kabla ya 2017, hivyo ile unayoonyeshwa leo ama ina miaka mingi kwenye barabara za Kenya, ama ina nambari za Uganda. Hii ya pili ndiyo bei yake huwa tamu, na ndiyo inayowaliza watu, kwani ikishapita umri haiwezi kusajiliwa Kenya hata ukililipia ushuru mara mbili. Lile linalosemekana linapita tu kwenda ng'ambo halafu likauzwa kichochoroni upande huu, hilo ni kosa la forodha, na watoza ushuru hulinyakua popote watakapolikuta.

Basi tuseme gari ni la Kenya, lina nambari za Kenya na logibuku. Cheti cha Japani huenda kilipotea zamani. Usikate tamaa. Anayetaka bima kubwa hapa nchini hutakiwa kulipeleka gari likathaminiwe, na ripoti ya mthamini huandikwa kilomita za siku hiyo. Mwombe muuzaji ripoti za miaka iliyopita. Akisema hana, tafuta rekodi ya gari kupitia mamlaka ya usafiri, NTSA, ujue jina lililosajiliwa, kisha umpigie simu mwenye jina hilo au mmiliki aliyemtangulia. Ripoti ya zamani ikisema 121,000 na mita ya leo ikisema 78,000, mazungumzo yameisha.

Kwa gari lililotoka Uingereza kazi ni rahisi zaidi. Huko gari likishatimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na idadi ya maili huwekwa kwenye kumbukumbu ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya serikali yao. Lakini kumbuka hizo ni maili: maili 78,000 ni kilomita 125,000 na zaidi.

MACHO NA VIDOLE

Karatasi zikiisha, ligeukie gari lenyewe, mchana kweupe, si chini ya taa za petroli steshoni. Fungua mlango wa dereva utazame fremu yake. Gereji za Japani hubandika hapo au chini ya boneti vibandiko vidogo vya kubadilisha mafuta au mkanda wa taimingi. Hutasoma Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile: kibandiko kikisema 112,000 na mita 78,000, mmoja wao ni mwongo, na kibandiko hakina sababu ya kudanganya.

Tazama raba ya pedali ya klachi, ubavu wa kiti upande anaopandia dereva, ngozi ya usukani na kichwa cha gia. Vikiwa vimelika hadi kung'aa, gari hilo si la kilomita 78,000. Vikiwa vipya kabisa ilhali kila kitu kingine ni cha zamani, jiulize kwa nini vilibadilishwa. Angalia skrubu za dashibodi kama zina mikwaruzo ya bisibisi.

Wenye magari ya kasi hupenda kubadilisha dashibodi nzima, hata bila nia ya wizi. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 yalikuwa na mita ya kasi inayoishia 180. Ukikuta Impreza ya Kijapani ya wakati huo yenye mita inayofika 260, ujue mita hiyo ilitoka kwenye gari jingine, pamoja na kilomita zake. Hapo idadi unayoisoma haihusiani na injini iliyo mbele yako.

Kwa sababu hiyo, nenda na fundi wako mwenyewe, si yule anayeletwa na dalali. Apime kompresheni ya kila silinda, achunguze kama turbo inavuja mafuta, na aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Katika baadhi ya magari mapya kilomita huhifadhiwa mahali zaidi ya pamoja, na anayechezea mita husahau kwingine. Muuzaji akikataa gari lisipimwe, mabasi ya kurudi ni mengi.

Mkishaafikiana, kilomita ziandikwe kwenye mkataba wa mauzo, pamoja na nambari ya chesisi na maneno ya muuzaji kwamba ni za kweli, kisha mtie sahihi mbele ya shahidi. Piga picha ya mita siku hiyo hiyo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamzuia mfanyabiashara kudanganya juu ya hali ya bidhaa anayouza, lakini hakimu atataka kuona karatasi. Na pesa zipite benki, baada ya uhamisho wa umiliki kuanzishwa, si ndani ya bahasha kwenye hoteli ya chai karibu na mpaka.